Siku Mheshimiwa Alipozaa Mbele ya Gredi ya Tatu

Mkaza mwana wangu, mama Kemunto,

Barua hii nimeiandika kwa kikao kimoja, bila msaada wa mtu, na bila hasira hata chembe.

Najua ungefanya nini na sentensi hiyo. Ungeipigia mstari chini, kisha uandike pembeni: "Umeona wapi?" Basi niseme mapema kwamba ni uongo mtupu. Nimeanza na kuacha mara nyingi. Ya kwanza niliikunja nikaitupa zizini na Mheshimiwa akaila, maana ng'ombe yule habagui chakula. Miwani ni ya jirani. Maneno magumu nimeyaulizia huku na huku nikijifanya najaza fumbo la gazeti. Na hasira ninayo. Ninayo ya kugawia kijiji kizima na nyingine ikabaki ya kupandia mahindi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Ekegusii maneno haya hayangetoka. Lugha ya nyumbani inajua wewe ni nani na mimi ni nani. Nikifungua mdomo tu, chinsoni zinanikaba koo. Msomaji asiye wa huku aelewe: chinsoni ni zile haya zetu baina ya wakwe. Baba mkwe hagusi mkono wa mke wa mwanawe. Haingii nyumbani mwake, hata kama paa linavuja na ngazi anayo yeye. Hawataniani, hawatajiani mambo ya mwili, na wakiweza hawaambiani kitu ana kwa ana. Mjukuu ndiye yuko huru. Kemunto anaweza kuniambia kichwa changu kimefanana na boga na kila mtu akacheka. Wewe ukisema hivyo, wazee wanaitwa. Lakini Kiswahili changu nilikiokota kwenye malori ya ndizi, kutoka soko letu la Daraja Mbili mpaka Nairobi, kwa watu wasiojua mimi ni mkwe wa nani. Ni koti la kuazima, na nikiwa ndani yake naweza kusema.

Na naiandika wazi, asome anayetaka, kwa kuwa yale waliyosema juu yako waliyasema chini ya hema, mbele ya viti vya kukodi.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulikuwa umeketi barazani na rundo la madaftari ya Gredi ya Tatu, mimi niko ng'ambo ya ua nikikata majani ya migomba na kujifanya kiziwi. Ulisoma daftari la kwanza kwa sauti. Ng'ombe ni mnyama wa nyumbani. Ng'ombe ana rangi nyeusi na nyeupe. Ng'ombe ana pembe mbili. Ng'ombe anatupatia maziwa. Ninampenda ng'ombe. Ukachukua la pili: mweusi na mweupe, pembe mbili, ninampenda. La tatu vilevile. Darasa zima lilikuwa na ng'ombe mmoja, yule aliyechorwa kitabuni, na kila mtoto alikuwa amempenda kwa maneno yaleyale. Ukayafunga madaftari na kusema, ukiangalia upande mwingine lakini kwa sauti ya kufika migombani, "Na hawa wote wamekunywa chai ya maziwa leo asubuhi."

Nikamgeukia ng'ombe wangu. Nilimpa jina la Mheshimiwa kwa kuwa anakula mwaka mzima, na siku ya kutoa anapiga teke. Nikamwambia, "Mheshimiwa, kama kuna mwalimu anayetafuta ng'ombe wa kweli, mwambie wewe huna kazi." Nawe ukamwambia Kemunto, "Mshukuru ng'ombe wa babu. Tunakuja kesho."

Ndivyo tulivyozungumza miaka yote ile, wewe na mimi. Mimi kwa ng'ombe, wewe kwa mtoto, na ua katikati. Hakuna aliyevunja kitu. Mwenyekiti wa bodi ya shule, binamu yangu yule ambaye pia ni mzee wa kanisa na mzee wa ukoo na mzee wa kila mahali penye chakula, alipita siku moja akatusikia, akakusifu kuwa umelelewa vizuri. Nataka akumbuke. Kama anasoma, na najua anasoma, akumbuke.

Kesho yake ukaja na watoto kwa mstari. Nilidhani wataandika mara moja. Ukawaambia penseli ziingie mfukoni. "Macho kwanza, mdomo pili, penseli mwisho." Mtoto aseme jambo moja aliloliona, wenzake waangalie kama ni kweli, na likiwa kweli ndipo liende kwenye daftari. Sentensi ya kwanza iseme tunamzungumzia nani. Kisha mwili ukae na mwili, chakula kikae na chakula. Hukukubali mkia usimame katikati ya majani ya nepia. Kulikuwa na mmoja aliyesema ng'ombe ana pembe mbili. Ukamwambia ahesabu. Mheshimiwa ana moja na nusu, nusu nyingine aliiacha kwenye lango siku aliyogombana nalo. Mtoto akamtazama ng'ombe, akafungua kitabu akatazama picha, akamtazama ng'ombe tena kwa jicho la kumlaumu. Ukamwambia, "Kitabu hakijaja kunywa maji hapa. Ng'ombe ndiye amekuja."

Mwingine akasema ng'ombe ni mzuri. Ukamuuliza, "Huo uzuri umeuona wapi? Uko kwenye mguu gani?" Na yule maskini akainama kuutafuta, mguu baada ya mguu, kwa moyo wote. Nililazimika kushika mgomba nisianguke.

Siku ya meno ndiyo siwezi kuisahau. Walitaka kujua ng'ombe anauma vipi. Ukamuuliza Mheshimiwa kama kuna mtu wa kumfungua mdomo, nami nikamfungua. Wakaona mbele juu hakuna meno, ni ufizi mtupu. Kisha vichwa vyote vikageuka kwa pamoja kuangalia mdomo wangu. Uliwafukuza shuleni mbio, umeziba uso kwa leso, na mabega yako yalikuwa yanatikisika. Sitasema ulikuwa unacheka. Nasema niliyoyaona.

Na malipo yangu ulinilipa. Kila somo lilipokwisha, ukishasahihisha kwa kalamu nyekundu, ulimtuma Kemunto na aya bora ya siku ile aje anisomee nikiwa kwenye kigoda karibu na jiko. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano, na wewe ndiwe uliyeyatoa: babu atoe ng'ombe, apate aya iliyosahihishwa. Mimi niliyeacha shule darasa la nne nikaenda kubeba ndizi, nilikaa pale kama hakimu. Nilimfuga ng'ombe yule tangu akiwa ndama na sikuwahi kujua kwamba akicheua, taya lake linakwenda upande upande kama mtu asiyekubaliana na hoja. Mtoto wa Gredi ya Tatu ndiye aliyeniambia. Nilitoka nje nikahakikisha. Ni kweli.

Kulikuwa na sheria yako moja niliyoipinga. Hukutaka waandike ng'ombe amefurahi au ng'ombe ana huzuni. Ulisema, "Hujaingia ndani yake. Andika masikio yalikuwaje, andika alikula au hakula, anayesoma atajua mwenyewe." Mimi nilimwambia Mheshimiwa kwamba mwalimu huyu ana moyo wa jiwe la kusagia. Sasa naielewa sheria hiyo kuliko ninavyotaka.

Tuje kwenye siku yenyewe.

Mlikuja kuandika juu ya chakula cha ng'ombe. Mheshimiwa hakutaka kuzungumzia chakula. Alikuwa amelala upande wa kushoto, mkia umesimama, na kwato mbili zimetoka na ncha ya pua. Kisha hakuna kitu kingine. Akisukuma, zile kwato zinakuja kidogo, akipumzika, zinarudi. Daktari wa mifugo alikuwa upande wa Suneka kwa ng'ombe wa mtu mwingine, na simu yake inaita tu. Mwanangu, mumeo, yuko Nakuru kwenye kazi zake ambazo hazimwachi kuja nyumbani ila kwa mazishi. Nilikuwa peke yangu, mikono imejaa ute, nikishika ninateleza.

Sikuweza kukuita. Unajua sikuweza. Nikasema, "Mheshimiwa, laiti ungekuwa na mtu wa pili wa kuvuta."

Hukunijibu kupitia mtoto safari hii. Ulivua viatu ukaviweka pamoja kama mtu anayeingia kanisani, ukafunga leso juu ya magoti, ukapita chini ya fito. Leso ya pili uliipasua katikati, ukaifunga juu ya kwato ili tusiteleze. Ukashika mguu mmoja, mimi nikashika mmoja. Mimi nikaanza kuvuta kama mpumbavu, nguvu zote kwa mpigo, na ndipo uliposema neno la kwanza uliloniambia mimi, si kwa mtoto, si kwa ng'ombe, tangu uolewe katika boma hili.

"Baba, ngoja asukume."

Nikangoja. Akasukuma, tukavuta, mguu wako kwanza, wangu baadaye, mabega yakapita, na yule ndama akatoka kama gunia linaloteremshwa kwenye lori. Mimi nikaanguka kwenye samadi na wewe ukaanguka hatua moja kutoka kwangu. Tulinawa kwenye karai moja kwa kuwa karai lilikuwa moja. Na watoto walikuwa wameshika fito, hakuna hata mmoja aliyekuwa na penseli mkononi. Wewe mwenyewe, na damu ikiwa bado kwenye viwiko, ndiwe uliyewaambia, "Haya. Semeni mlichokiona."

Kemunto, aliyekuwa kati yao, alikuwa wa kwanza kumaliza kuandika. Ulisoma ukasema ni ya kusomwa siku ya wazazi. Ulisema utaisahihisha baadaye, akishainakili vizuri, kisha iletwe kwangu. Haikuletwa.

Nilikaa nyuma siku hiyo ya wazazi, chini ya hema, karibu na sufuria. Waliimba, wakacheza, Mwenyekiti akahutubia mpaka nzi wakalala. Kisha Kemunto akapandishwa juu ya benchi. Ninaijua ile aya kwa moyo, na wote waliokuwapo wanaijua, kwa hiyo naiweka hapa ili kila mtu aipime bila mate ya walioibeba:

"Ng'ombe akizaa, kwato za mbele hutoka kwanza, kisha pua. Ng'ombe wa babu anaitwa Mheshimiwa. Alilala upande wa kushoto. Ndama alikwama. Mwalimu alivua viatu na akafunga leso juu ya magoti. Babu alishika mguu mmoja na mwalimu akashika mguu mmoja. Mwalimu alisema, Baba, ngoja asukume. Walivuta. Ndama alitoka akiwa amelowa. Babu alianguka na mwalimu akaanguka karibu na babu. Walinawa mikono kwenye karai moja. Mheshimiwa alimlamba ndama. Ndama alisimama akaanguka, akasimama akanyonya. Mwisho."

Nilipiga makofi. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu, na nilipotazama nikaona wanawake wameziba midomo, wanaume wanaangalia viatu vyao, na Mwenyekiti anaamka polepole kama mtu aliyeitwa na Mungu mwenyewe. Magoti. Karai moja. Kuanguka karibu na mkwe. Mbele ya wageni wa idara ya elimu, mdomoni mwa mtoto wako mwenyewe, na wewe umesimama hapo pembeni umemshikia karatasi. Mwenyekiti akasema mzee wa watu amedhalilishwa. Mzee gani? Mimi nilikuwa bado napiga makofi.

Ndipo ninapopandwa na hasira kiasi cha kushindwa kukamata kalamu. Waliaibika kwa niaba yangu. Waliichukua aibu ambayo sikuwa nayo, wakanivisha kama kofia ya msiba, wakaniambia inanitosha. Waliketi, wazee wa ukoo na watu wa bodi, na mimi nikaitwa nikae mbele kama maiti. Nikawaambia sikuaibika. Nikawaambia ng'ombe yu hai, ndama yu hai, na mkaza mwana wangu ana akili za kuvuta kunishinda. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma. Akasema, "Ndugu yangu, aliyeaibishwa hawezi kujua ukubwa wa aibu yake." Nikamuuliza kama hata mwenye njaa ya nyama hajui ukubwa wa njaa yake, maana walikuwa wameshataja mbuzi wa kusafisha boma. Hawakucheka. Watu ambao wamecheka kwenye mazishi na mimi, siku hiyo hawakucheka.

Bodi ikakuambia upumzike nyumbani mpaka mambo yapoe. Unajua bodi ikisema upumzike. Mwanangu akapiga simu kutoka Nakuru, na badala ya kumuuliza baba yake kilichotokea, alikuuliza wewe kwa nini umemtia baba yake aibuni. Akakwambia uende kwenu Nyamira kwanza, atakuja kukuchukua mambo yakitulia. Sijui anangoja yatulie vipi. Labda anadhani mambo ni maziwa, ukiyaacha yanajitenga yenyewe. Nimemwambia kwa simu maneno ambayo hata Kiswahili hiki hakitayabeba. Amesema ana kazi. Nikamwambia hata tai ana kazi, lakini anarudi kwenye kiota. Akakata simu. Simu niliyomnunulia mimi.

Na wewe pia. Usidhani nitakuacha. Uliondoka asubuhi nikiwa kwenye kituo cha kuuzia majani chai nimepanga foleni na kikapu changu. Najua haikufaa uje kuniaga. Lakini Mheshimiwa alikuwepo zizini. Ungemwambia ng'ombe. Ungesimama hapo kwenye fito ukasema, "Mheshimiwa, nakwenda," na mimi ningelikuta neno hilo limesimama hapo nikirudi, maana miaka yote nilikuwa nayakuta maneno yako pale. Hukusema kitu. Ulimwacha mtoto, kwa kuwa mtoto ni wa boma hili, hivyo ndivyo wanavyosema, na sheria hiyo nayo leo naiona imevaa suruali ya mtu mwingine. Uliacha na viatu. Vile vya siku ya ndama. Viko kwenye fito mpaka leo, viwili, pamoja.

Sasa nikwambie habari za Kemunto. Nitafuata sheria yako, sitasema ana huzuni. Sijaingia ndani yake. Anakula akiwa amekaa kwenye kizingiti, uso umeelekea njia. Akisikia pikipiki anaacha kutafuna. Hanitanii tena, kichwa changu kimekaa siku zote hizi na hakuna aliyekiita boga. Anayesoma atajua mwenyewe.

Shuleni wamewapa mwalimu mwingine, kijana mpole, sina neno naye, anaogopa bodi kama kila mtu. Wamerudi kitabuni. Juzi walipewa kazi ya kuandika aya juu ya mnyama. Nikamwambia Kemunto aandike juu ya ndama, sasa ana pembe zinazochomoza, kuna mengi ya kuona. Akaniletea hii: "Twiga ni mnyama mzuri. Twiga ana shingo ndefu. Ninampenda twiga." Alikuwa amepewa tiki kubwa na nyota juu yake.

Nikamuuliza, "Umemwona wapi twiga, hapa Kiogoro?"

Akasema hajamwona.

"Na ndama je, si unamwona kila siku?"

Akafunga daftari. Akasema, bila kulia, angelia ningejua la kufanya, "Babu, nikiandika nilichoona, watu wanaondoka."

Mama Kemunto, nilitoka nje. Nilimpiga teke mgomba ambao haukunikosea.

Hilo ndilo ninalotaka Mwenyekiti alisikie, na mwanangu Nakuru, na wewe. Nyinyi mnazungumza juu ya goti na karai. Huku kuna mtoto anayeamini kwamba sentensi zake kumi na kitu ndizo zilizomtoa mama yake nyumbani. Anaamini kwamba kosa lilikuwa kuona. Na kila mtu mzima wa boma hili, kwa ukimya wake, anampa tiki.

Wazee wananiambia mambo ni rahisi. Nitoe mbuzi, boma lisafishwe, wao wenyewe waje Nyamira kukuomba urudi, bodi ikurudishie darasa lako. Mbuzi ninaye, wanamjua, wanampapasa mgongo kila wakipita. Na siri yangu ni kwamba nimelala na kuamka na wazo hilo. Ningekuwa na mama wa mtoto hapa kabla ya majani ya wiki ijayo kuchumwa. Mimi mwenyewe siwezi kuja kukupigia hodi kwa mama yako bila wazee, nikija peke yangu nitakuwa nimevunja ua wa kwenu pia. Kwa hiyo mbuzi ndiye njia, wanasema.

Lakini nikimtoa mbuzi huyo, nitakuwa nimesema mbele ya Kemunto kwamba aya ilikuwa uchafu. Mtoto si mjinga. Ataona damu ya mbuzi na ataelewa imemwagika kwa ajili ya nini. Ataandika juu ya twiga mpaka azeeke. Kwa hiyo simtoi. Wanaweza kuendelea kumpapasa. Ukirudi, tutamchinja na tutamla, na wao waje wale, hata Mwenyekiti nitampa shingo. Lakini tutamla kwa njaa, si kwa aibu, na nitasimama niseme hivyo kabla sufuria haijafunuliwa.

Kama utarudi kwa sababu yangu, sijui. Mimi ni baba mkwe tu, mzee wa upande wa pili wa ua. Hayo ni kati yako na yule wa Nakuru, na nikimpata nitamsaidia kuamua kwa fimbo. Sikuombi kurudi katika barua hii. Naomba jambo dogo, na si zawadi. Ni haki yangu.

Ulinilipa kwa kila somo, aya moja iliyosahihishwa. Moja bado. Ng'ombe nilimtoa, na safari ile nilitoa hadi ndama, na aya yake haijanifikia. Karatasi yenyewe nimeiweka humu ndani ya barua. Kemunto aliichana kutoka daftarini akaitia chini ya kiota cha kuku, nami nikaichukua kabla kuku hajaikubali kabisa. Ile alama pembeni si wino, unajua ni nini. Iache, nayo ni kweli. Anakuletea yule mama wa mitumba wa Daraja Mbili anayetoka upande wenu, ambaye amekula kiapo kwamba hatasoma, na ambaye najua atasoma.

Isahihishe. Nimefunga na kalamu nyekundu, nimeijaribu, inaandika. Isome kama ulivyosoma zote, bila huruma. Kama mtoto alisema jambo ambalo halikutokea, lipigie mstari. Kama aliuruka ukweli wowote, andika pembeni. Na kama hukuona kosa, weka tiki yako, ile yako ndogo ya haraka, si ya nyota, kisha mrudishie mama wa mitumba.

Mimi nitakaa kwenye kigoda karibu na jiko, na nitamwambia Kemunto aje anisomee, malipo yangu yamefika.

Mimi,
Baba mkwe wako wa ng'ambo ya ua